Uzi: Chakula cha jioni cha hisani, mavazi ya Kampala ya 1962: tuvae nini, na pesa zinafikaje?

Nyota_wa_Arua

Salaam wanajamvi. Tumealikwa watu wanane kwenye chakula cha jioni cha hisani, mgahawa wa bustani huko Kololo, Jumamosi inayofuata sikukuu ya Uhuru. Kila mgeni avae kama mtu wa Kampala ya Oktoba 1962. Tiketi ni shilingi 150,000, meza ya wanane 1,100,000, na faida itanunua vifaa vya wodi ya watoto. Wanawake wetu wameamua gomesi. Wanaume bado wanabishana: kuna anayetaka suti, kuna wa kanzu, na mmoja anataka kuvaa kama askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni. Tunaomba mwongozo wa wanaoyajua mambo haya: kitambaa kiasi gani, fundi apewe muda gani, kipi kisivaliwe, na tutajuaje kwamba pesa zimefika wodini.

FundiWaKiyembe

Ndugu Nyota, hii ni nguo ya kukalia saa tatu na kulia chakula. Watu wengi humshonesha fundi vazi wakiwa wamesimama mbele ya kioo, wakifika mezani mikono haipindi na kiuno hakipumui. Siku ya kupima, mwambie fundi akuletee kiti. Kaa, nyoosha mkono kama unayechukua sahani katikati ya meza, kisha inama kama unayeokota kijiko. Kinachobana hapo kitabana usiku kucha.

Gomesi halikosei kwa mwaka huo. Lilishonwa mwanzoni kabisa, yapata mwaka 1905, na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes kwa ajili ya wasichana wa Gayaza, na mwaka 1914 mke wa Kabaka Daudi Chwa alipolivaa kwenye kutawazwa likashika Buganda nzima. Mwaka 1962 lilikuwa tayari vazi la heshima la mama wa mjini na wa kijijini. Nunueni mita sita kwa mtu wa wastani, aliye mnene aongeze nusu mita, na muulizeni muuzaji upana wa kitambaa kabla hajakata, maana mita sita za kitambaa chembamba hazitoshi kitu. Vifungo ni viwili, upande wa kushoto wa shingo. Shingo ni ya mraba. Bega huchongoka, na kinachoushikilia huo mchongo ni bitana ngumu iliyofichwa ndani ya mkunjo. Fundi akiiacha ili aokoe pesa, bega linalala kabla supu haijafika.

Pindo lipimwe ukiwa na viatu vile vile utakavyovaa. Ukipima kwa kandambili halafu uje na visigino, vifundo vya miguu vinaonekana. Ukifanya kinyume chake, unajikanyaga kwenye ngazi.

Kikoyi cha ndani ndicho kinacholipa gomesi umbo lake. Kwa ngoma na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) watu huvaa mizunguko miwili. Kwa mgahawa mzunguko mmoja unatosha, tena uwe wa pamba, kwa sababu mizunguko miwili haiingii kwenye kiti chenye mikono. Mshipi ufungwe chini ya kiuno, juu ya nyonga, na ukikaa zisukume ncha zake ubavuni, zisibaki mapajani, maana hapo ndipo mchuzi hudondokea.

Wiki mbili kwa fundi, na kupima mara mbili. Akikwambia siku tatu, jua anampa mwanafunzi.

Kijana_wa_Ntinda

Kwa wanaume mbona kazi ndogo? Suruali za bugaluu, viatu vya soli nene na wigi la afro. Sokoni Owino vimejaa, elfu themanini unatoka umekamilika.

FundiWaKiyembe

Hayo ni mavazi ya mwishoni mwa miaka ya sitini na ya miaka ya sabini, ndugu yangu. Hata sketi fupi zilikuwa hazijaingia. Zilipanda katikati ya miaka ya sitini, na Amin akaja kuzipiga marufuku mwaka 1972. Ukienda na bugaluu kwenye karamu ya 1962 umeruka karibu miaka kumi.

Mwanaume wa mjini wa 1962 alivaa koti la safu moja ya vifungo, ukosi mwembamba, suruali iliyobana kuelekea chini, na tai nyembamba. Nendeni Owino mtafute koti ambalo ukosi wake hauzidi sentimita sita au saba. Huo msipange kuupunguza, kwani fundi akigusa ukosi wa koti la mtumba anafungua hadi begani, na gharama inapita bei ya koti. Suruali ndiyo hupunguzwa kirahisi. Mwambie aibane kuanzia gotini hadi upana wa sentimita 18 au 19 kwenye pindo, ikiwa imelazwa mezani. Tai pana ya siku hizi ifumuliwe mshono wa nyuma, bitana yake ikatwe pande zote mbili sawasawa hadi ibaki sentimita tano na nusu, kisha ishonwe kwa mkono kwa nafasi ndefu. Mashine huifanya ijikunje.

Mwanamke asiyetaka gomesi: gauni lenye kiuno kilichobana na sketi iliyomwagika, pindo chini kidogo ya goti, glavu fupi nyeupe. Glavu zivuliwe kabla ya kula, zitiwe mkobani.

Na wa kanzu mwambieni achukue ya Kiganda, yenye nakshi ya rangi ya damu ya mzee inayoshuka kutoka shingoni hadi kifuani, na koti juu yake. Ile ya pwani ni nzuri, lakini inasema mtu ametoka kwingine. Kama huyo ndiye anayemwigiza, mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuja kwa gari la moshi, basi aongeze kofia ya viua na mambo yatakaa sawa.

Mzee_wa_Bombo

Huyo wa KAR mzuieni leo leo, msingoje siku yenyewe.

Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, inamkataza raia kuvaa au kuwa na sare au vifaa vya jeshi. Septemba 2019 tangazo la Gazeti la Serikali liliongeza hata bereti nyekundu kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Askari wa doria usiku hatakaa kusikiliza habari za karamu ya hisani wala za mwaka 1962. Ataona raia na sare. Nguo za mabaka marufuku kabisa, za mtumba na za watoto pia. Kaki tupu isiyo na alama haina neno, lakini mkiiongezea mkanda mpana, nyota za begani na bereti, mmetengeneza sare. Magereza nao wana sare zao, na polisi vivyo hivyo.

Bunduki ya plastiki ndiyo mbaya kuliko vyote. Migahawa ya Kololo ina walinzi wenye silaha za kweli getini, na gizani bunduki ya mchezo haina tofauti na ya vita.

Akitaka mtu wa mamlaka, kuna karani wa serikali: shati jeupe, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu hadi gotini, kalamu mfukoni. Anatambulika mara moja na hakuna atakayemsimamisha.

Lingine. Mwaka 1962 Uganda haikuwa na rais. Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu, na Sir Walter Coutts aliyekuwa Gavana akawa Gavana Mkuu. Mutesa wa Pili aliupata urais Oktoba 1963. Kwa hiyo msiandike "Rais" kwenye kadi ya mtu yeyote mezani. Na Kabaka asiigizwe, hata kwa nia njema. Wapo wageni watakaoinuka na kuondoka.

BintiWaMpigi

Naongezea hapo kwa Mzee. Kuna atakayesema "nitavaa lubugo." Lubugo ni gamba la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao hadi likawa kitambaa, na UNESCO imeiweka kazi hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kwetu huvikwa maiti na huvaliwa wakati wa kutawazwa. Kulifanya vazi la kuchekesha ni kukosa adabu. Kwa pambo dogo, kama mkoba, utepe wa kofia au kitambaa cha meza, hakuna ubaya wowote, na mkinunua kwa mafundi wenyewe mnawasaidia.

Mkilishona, jueni tabia zake. Linachanika kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo vuteni kipande kidogo kwanza mjue. Sindano nene namba 100, mshono mrefu wa milimita nne, kwa sababu mshono mfupi hulitoboatoboa mpaka linakatika kama karatasi ya stempu. Lipate bitana ya pamba nyuma. Halifuliwi, halipigwi pasi ya mvuke, na likilowa linalegea. Oktoba ni mwezi wa mvua Kampala. Mkoba wa lubugo usafiri ndani ya mfuko wa plastiki.

Ngozi ya chui, ngozi ya mbega na manyoya ya korongo wa bendera yetu: hapana. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haiulizi kama ni ya babu yako. Kitambaa cha pamba chenye madoa ya chui kinauzwa kwa mita.

Nyota_wa_Arua

Asanteni sana. Wa KAR amekubali ukarani. Sasa naomba mtusaidie upande wa nywele na ndevu, maana wawili wanataka masharubu, na dada mmoja anataka mvi.

Mrembeshaji256

Masharubu ya kubandika na supu ni maadui. Kama ni lazima, yakatwe yaishie milimita tano juu ya mdomo wa juu. Gundi ni ile ya kope, kiasi kidogo, ngoja sekunde 30 igeuke nata ndipo ubandike. Ukibandika ikiwa mbichi inateleza, na jasho la kwanza linaondoka nayo. Gundi nyingi za kope zina mpira ndani yake, na baadhi ya watu mpira huwawasha au huwavimbisha, kwa hiyo paka nukta moja ndani ya kiwiko siku moja kabla. Gundi ile ya kukaza viatu na plastiki isifike kwenye ngozi ya mtu, hata kama duka zima la urembo limefungwa. Kutoa, lainisha kwa mafuta ya kupaka dakika mbili, kisha vuta taratibu kufuata vinyweleo.

Rahisi zaidi: chora masharubu kwa penseli ya nyusi, mistari mifupi mifupi ya kuelekea chini, kisha bonyeza poda isiyo na rangi juu yake. Hayaondoki kwa chai.

Mvi: poda nyeupe huanguka mabegani, na kwenye koti jeusi inaonekana kama mba. Chukua rangi nyeupe ya uso inayoyeyuka kwa maji, ipake kwa mswaki wa zamani, kwenye vishungi vya pembeni tu. Ikinyesha itatiririka, kwa hiyo beba skafu.

Uso msiubadilishe rangi ili kumwigiza Mzungu au Mhindi. Vazi linatosha kueleza. Na kilemba cha Singasinga ni ibada ya mwenye nacho, kiacheni.

MpishiWaBustani

Mimi nazungumzia mezani.

Kwanza piga simu mgahawani uulize chakula kitatokaje. Kama ni cha kujipakulia, wenye gomesi wapewe meza ya karibu na vyungu, la sivyo watavuka bustani nzima na sahani mkono mmoja na pindo mkono mwingine. Kama kuna luwombo, mchuzi uliopikwa ndani ya jani la mgomba, fahamuni kwamba jani la mgomba likifunguliwa mvuke na mchuzi vinatoka pamoja. Fungua kwa uma, upande wa mbali na wewe, na leso imewekwa kuanzia kifuani. Mchuzi wa karanga ndio huharibu nguo kuliko yote kwa sababu una mafuta.

Karanga hizo hizo ni hatari kwa wenye mzio. Tuma jina na mzio wa mgeni mnapothibitisha idadi, si usiku ule, kwa kuwa jikoni karanga zinasagwa mapema na kijiko kimoja kinapita vyungu vitatu.

Pili, mishumaa. Waandaaji wa karamu za "zamani" hupenda mishumaa mezani. Gomesi nyingi za bei nafuu ni poliesta, na poliesta ikishika moto huyeyuka ikaganda kwenye ngozi. Wigi la nailoni ni vivyo hivyo. Ombeni mishumaa iwe ndani ya glasi ndefu inayopita mwali, au taa za betri.

Tatu, viti. Uliza kama vina mikono. Vikiwa navyo, ombeni vinane visivyo na mikono siku tatu kabla, vipo karibu kila mahali kwa ajili ya sherehe.

Kadi za vyakula zikiandikwa bei za mchezo, ziwe shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi ya Uganda yenyewe ilianza 1966.

Hesabu_za_Hisani

Sasa pesa, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu karamu nyingi za hisani zinashiba na wodi inabaki tupu.

Tuchukue mfano. Wageni 60 kwa 150,000 ni 9,000,000. Sahani ikiwa 70,000 kabla ya VAT, kodi ya asilimia 18, ukiiongeza inakuwa 82,600, na kwa wageni 60 ni 4,956,000. Muziki na mshereheshaji 600,000, mapambo 400,000, uchapaji 150,000. Jumla ya matumizi 6,106,000. Kinachobaki ni 2,894,000, yaani 48,233 kwa kila tiketi, chini kidogo ya theluthi moja. Mwandaaji aliyesahau kuuliza kama bei ya sahani ina VAT ndani amepoteza 756,000 bila kuona. Akipata mfadhili mmoja wa kubeba muziki, mapambo na uchapaji, faida inapanda hadi 4,044,000.

Bei yenu ya meza ni 137,500 kwa kichwa. Mgahawa haupunguzi sahani kwa sababu mmekaa pamoja, kwa hiyo ile laki moja mnayopunguziwa inatoka kwenye fungu la watoto. Mkiweza, chukueni meza na mtoe hiyo laki kama mchango.

Ukisema unakuja, njoo. Mgahawa hudai idadi ya mwisho saa 48 hadi 72 kabla, na baada ya hapo sahani inalipwa hata kiti kikibaki wazi. Watu 12 walioahidi bila kulipa ni hasara ya 991,200.

Kabla ya kulipa, angalieni jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuingiza namba ya siri. Liwe jina la taasisi. Likiwa la mtu binafsi, ulizeni sababu na mpewe jibu la maandishi. Namba ya biashara ni bora kwa mwandaaji pia, anaweza kuulipa mgahawa moja kwa moja bila kutoa taslimu na kukatwa ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa. Taasisi ikijiita NGO, iombeni kibali chake. Mkisikia kuna bahati nasibu ya kuuza tiketi, ulizeni leseni, kwani kuna Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016. Mnada wa kimya kimya, wa kuandika bei kwenye karatasi, hauna usumbufu huo.

Kisha ulizeni swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: nani alichagua vifaa? Vifaa vya wodi ya watoto vichaguliwe na muuguzi mkuu pamoja na fundi wa vifaa tiba wa hospitali hiyo. Kipima oksijeni cha kidole cha mtu mzima hakimshiki mtoto mchanga. Kinahitaji kihisi kidogo cha kuzungushia mguu. Mashine ya kuzalisha oksijeni inahitaji umeme wa volti 240, plagi ya pini tatu za mraba kama zetu, vichujio vya akiba, mirija ya pua ya saizi ya watoto, na kigawanyi cha kuwahudumia zaidi ya mmoja. Mashine iliyoletwa bila vichujio huziba kwa vumbi na kuishia stoo. Kwa hiyo katika bajeti wekeni fungu la vipuri na mafunzo ya nusu siku kabla ya kuongeza mashine ya pili.

Vifaa vikabidhiwe kwa hati yenye namba za mashine na sahihi ya hospitali, nakala itumwe kwa kila aliyelipa. Pesa taslimu zisipewe mtu wa wodini.

Nyota_wa_Arua

Hii ya vihisi vya watoto nimemtumia mwandaaji sasa hivi. La mwisho: tunalala Wandegeya, tufikeje Kololo? Na mtu akimwagikiwa?

FundiWaKiyembe

Kodini spesheli, yaani teksi za kukodi, wenye gomesi wakae nyuma wawili wawili, wasibanane watatu. Bodaboda na gomesi hapana: mshipi au pindo likiingia kwenye tairi la nyuma linamvuta mtu chini. Kololo baada ya saa mbili usiku kuna baridi ya mlimani, bebeni shali za pamba au sufu.

Kwenye mkoba mmoja wa meza nzima: pini za usalama kumi, sindano yenye uzi mweusi na mwingine mweupe, lastiki, poda ya mtoto, leso mbili za karatasi nene, kichupa cha sabuni ya vyombo.

Mchuzi wa karanga ukimwagika, usisugue, usitie maji ya moto. Nyanyua uji wake kwa ubapa wa kisu, mwaga poda juu ya doa, iache dakika 15 inywe mafuta, ipanguse. Ukifika nyumbani weka sabuni ya vyombo kwa upande wa ndani wa kitambaa, acha robo saa, suuza kwa maji baridi. Gomesi likiwa la hariri, lipelekeni kwa dobi Jumatatu asubuhi mkimwonyesha doa lilipo na kumwambia ni mafuta ya karanga, msimwache akisie. Na msilipige pasi kabla, moto ukishapita juu ya mafuta, doa halitoki tena.